Wafaransa Walikosea

Ndugu zangu, acheni nikiri mwenyewe, maana nisipokiri mtaambiwa na wengine, na wengine huwa wanatia chumvi. Ukipita na mimi pale bandarini Kalundu, hapa Uvira, wabebaji wakiwa wanashusha magunia na wamama wanapanga ndagala, dagaa wetu, hatutafika mbali kabla hujasikia mtu anapiga kelele kutoka juu ya boti, "Wafaransa walikosea!", na watu wote wanacheka, hata wale ambao siku yenyewe hawakuwa Uvira, hata muuza vitumbua aliyehamia juzi tu. Mgeni akiniuliza wanamwambia nani, najibu sijui. Nimejibu sijui miaka miwili sasa na nimechoka. Kaeni niwaambie, na mkitaka kucheka chekeni, hamtakuwa wa kwanza.

Mimi naitwa Kashindi, na wakati ule nilikuwa mtu mkubwa. (Nimesema chekeni, lakini si mapema hivyo.) Nilikuwa mtafsiri wa filamu katika chumba kimoja cha sinema kule Kalundu, chumba cha mbao na mabati chenye mabenchi na televisheni moja kubwa. Filamu inacheza kwa Kiingereza, wenyewe wanasema wanayosema, na mimi nimekaa pembeni na mikro mdomoni nawaeleza watu kwa Kiswahili. Walikuwa wanakuja wavuvi, wabebaji, wamama wakishamaliza kuuza, mpaka polisi wa barabarani. Shida ilikuwa moja tu, tena ndogo: Kiingereza nilikuwa sikijui. Nilikuwa najua maneno saba, na mawili kati ya hayo siwezi kuyatamka mbele ya mama yangu.

Msiniangalie hivyo. Mtu akimpiga mwenzake ngumi ya pua, unahitaji kamusi ili ujue kwamba hawajaelewana? Mwanamke akifungua barua, akasoma, akakaa chini akalia, wewe unampa maneno ya mwanamke anayelia, na Kalundu hatuna upungufu wa maneno hayo. Nilikuwa natazama nyuso, natazama mikono, mdomo wangu unafanya kazi, na watu wanatoka wameridhika. Kwa nini niwasumbue na ukweli?

Filamu iliyonipa jina ilikuwa ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, wanaume wanavaa kofia hata ndani ya nyumba. Leo najua, kama dunia nzima inavyojua, kwamba ni filamu ya kuchekesha kuhusu matapeli. Wakati ule sikujua. Mimi nilimwona mzungu mnene amevaa kanzu ya padri, nikasema huyu ni padri, mlitaka niseme nini? Nikamwita Padri Boma. Nyuma yake kulikuwa na mwembamba mwenye masharubu, anamfuata kila mahali na kumbebea mfuko, nikajua huyo ni katekista. Kulikuwa na mwanamke wa veli nyeusi, analia kila akikutana na tajiri, huyo nikampa ujane. Na kulikuwa na boti, boti kubwa ya moshi, na matajiri watatu wanaokuja mmoja baada ya mwingine, wanaitazama boti, wanampa padri bahasha nene, na padri anaibusu. Ndani ya bahasha mna nini? Maombi, ndugu zangu. Nilisema wale matajiri wameandika maombi yao ili padri ayapeleke altareni. Na kwa kuwa kila tajiri alipokuja boti ilikuwa imepakwa jina lingine ubavuni, nilihesabu boti tatu, nikatangaza kwamba Padri Boma amewajengea wavuvi maskini boti tatu. Mwishoni matajiri wote wanakutana gatini, wanainyooshea boti vidole na kurukaruka (kwa furaha, nilisema), na Padri Boma, katekista na mjane wako ndani ya treni wanacheka, wanaenda misheni nyingine. Watu walikuwa wanalia. Kuna mama mmoja muuza mihogo aliitazama mara sita, na mara zote sita alilia palepale penye treni.

Umaarufu huo ndio ulioniletea Riziki. Riziki alikuwa anasomea uuguzi hapa Uvira, ila kwao ni Lubarika, kule uwandani Ruzizi, ambako baba yake, Mzee Ndagano, analima mpunga na nyanya. Tulipendana, hilo silisimulii, ni langu. Nilipoenda kujitambulisha, mzee aliniuliza nafanya kazi gani, na hapa ndipo mngenisaidia sana kwa kuniziba mdomo, maana ningeweza kusema naonyesha filamu, kazi halali, haina ubaya wowote. Lakini unamwambiaje baba wa binti unayempenda kwamba unaonyesha filamu?

"Niko mutafsiri wa Kiingereza, papa," nikasema.

Mzee Ndagano hakusoma, Kifaransa hakijui, lakini elimu anaiheshimu kuliko watu walio nayo. Alinitazama kwanza, akapiga makofi mara moja. "Kumbe mukwe iko na luga!" Akaingia chumbani, akatoka na kitabu kidogo kilichofungwa ndani ya plastiki mara tatu. Alikuwa amenunua pompe ya kumwagilia nyanya, mpya, ameuza ng'ombe kwa ajili yake, na ilikuwa inalala chumbani mwake haijaguswa, kwa sababu alitaka kwanza mtu amsomee maandishi. Upande mmoja wa kitabu ulikuwa Kiingereza na upande mwingine Kichina. (Kichina nilikiri hapohapo kwamba sikijui. Mimi si mwongo wa kila kitu.) Riziki hakuwepo, alikuwa jikoni na mama yake, na mimi sikumwita.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari wa herufi nyekundu ndani ya boksi, na kando yake mchoro wa mkono umeinuliwa, kiganja mbele. Nikautazama ule mkono. Mkono umeinuliwa, unafanya nini? Unasalimia. Nikasoma kwa sauti ya misa:

"Ndugu mununuzi, aksanti sana kwa kuchagua mashini yetu. Mungu abariki mikono yako."

Mzee alifuta machozi. "Kumbe Wachina wanamujua Mungu," akasema, na tangu hapo mambo ya posa yalienda kwa mbio ambayo hata wajomba zangu hawakuielewa. Siku tatu baadaye akaiwasha pompe, ikavuta maji kwa muda wa kusali nusu rozari, ikakohoa, ikanyamaza, haikusema tena. Mzee akatafuta sababu, akakumbuka kwamba asubuhi ile jirani yake, Mzee Bisimwa, alipita kando ya mfereji akasema, "Pompe nzuri hii." Nani anasema hivyo kama hana jicho baya? Akaniuliza mimi, msomi wa familia, naonaje. Nikamjibu, "Watu wako na wivu, papa." Nilisema hivyo, kwa mdomo huuhuu. Basi Mzee Ndagano akaacha kumsalimia Mzee Bisimwa, mtu waliyelima naye toka ujana, na nyanya zikakauka.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Parokia yetu ina desturi kwamba wachumba wanafuata mafundisho kabla ya ndoa, na Jumapili ya mwisho wazazi wa pande zote wanaalikwa, wanakula pamoja, wanasikiliza mawaidha. Safari ile Padri (wa kweli, si Boma) alisikia kwa yule mama wa mihogo kwamba kuna filamu ya padri aliyewajengea maskini boti, akaniita, akasema mawaidha watu wanayalalia, tuwaonyeshe filamu. Mimi na Riziki tulikuwa kati ya hao wachumba. Nilichotakiwa ni kitu kidogo tu, kusema diski yangu imekwaruzika na kwenda zangu nyumbani. Na nilisema kweli imekwaruzika, ila nikaongeza, "Lakini Padri, nakala nyingine ikipatikana, minye niko tayari." Katibu wa parokia, mama mwenye bidii kupita kiasi, akasema ataitafuta kwenye mtandao. Akaitafuta. Akaipata, picha safi, sauti safi. Sikuomba kuijaribu, nijaribu nini katika filamu ambayo naijua yote kichwani?

Saa nane mchana, salle, yaani ukumbi wa parokia, imejaa, madirisha yamefunikwa kwa mablanketi, shuka jeupe ukutani. Mstari wa mbele kabisa alikaa Mzee Ndagano, kando yake Riziki. Mzee alikuwa amevaa koti lake la siku kubwa, ametoka Lubarika na gari la asubuhi, na alikuwa anawaambia watu wa benchi lake, mmoja mmoja, "Ule wa mikro iko mukwe wangu. Anasikia Kiingereza yote." Yote, ndugu zangu.

Filamu ikaanza. Yule mnene akasimama mbele ya kioo anafunga kola ya padri, na mimi nikafungua kama kawaida: "Ee Bwana, nipe nguvu niwatumikie maskini wako." Na wakati huohuo, kutoka kwenye masanduku mawili ya sauti, kwa usafi uleule ambao katibu aliahidi, yule mnene akasema kwa Kifaransa kwamba padri aliyeibiwa kanzu hii lazima alikuwa mwembamba, maana inambana tumbo.

Kwa Kifaransa. Katibu alikuwa ameleta nakala ya Kifaransa. Kwa Kiingereza unaweza kuwadanganya watu wa Uvira miaka kumi, lakini Kifaransa tumefundishwa wote kwa fimbo, hata mimi niliyeacha sekondari njiani. Kwa hiyo nilimsikia, na nikasikia kwamba watu wamemsikia. Mtu mmoja akakohoa, halafu benchi la walimu likaanza kucheka.

Mwenye akili angesema tumbo linamuuma, akaweka mikro chini. Mimi nilitazama mstari wa mbele nikamwona Mzee Ndagano, hajaelewa kitu, anatabasamu, anasubiri niendelee, na nikaona kwamba nikinyamaza nimempoteza Riziki, basi nikasema kwenye mikro:

"Ndugu waamini, hii sauti ya Kifaransa tusiijali. Filamu yenyewe ni ya Kiingereza. Wafaransa walikosea kutafsiri."

"Ni kweli," Mzee Ndagano akasema kwa sauti, akigeuka ili na wa nyuma wasikie. "Wafaransa wanakoseaka."

Hapo ndipo nilipoingia shimoni na ngazi nikaitupa nje. Ikaja bahasha ya kwanza. Masanduku ya sauti yakasema mjinga wa kwanza tumemuuzia boti isiyo yetu, mlete wa pili. Mimi nikasema mwamini wa kwanza amebarikiwa, mlete wa pili. (Mnaona, sikuwa mbali sana.) Mjane akalia kifuani mwa tajiri, tajiri akamfariji kwa mikono yote miwili, na tajiri alipogeuka tu, mjane akamuuliza katekista, "Nimelia vizuri, mume wangu?" Mimi nikasema mjane anauliza misa inaanza saa ngapi. Wachumba wa mstari wa pili walikuwa wameinama, wameshikana mikono na kutetemeka, na haikuwa kwa mapenzi.

Ndipo akasimama Mama Esperansi. Huyu ni mwalimu wa Kifaransa, amefundisha nusu ya Uvira, na mimi mwenyewe alinifundisha mpaka siku niliyotoroka.

"Kashindi, mutoto wangu," akasema, "ule muntu haiko padri. Iko mwizi. Amesema yeye mwenyewe."

"Mama Esperansi, heshima yako naijua," nikajibu, tena kwenye mikro, ili asikose mtu hata mmoja, "lakini weye iko na Kifaransa, minye niko na Kiingereza. Wafaransa walikosea."

"Filamu yote?"

"Yote, mama."

"Hata pale alisema 'bonjour'?"

Nikafikiri. Ndiyo, nilikaa pale mbele ya parokia nzima nikafikiri.

"Pale walipatia," nikasema.

Nilidhani hapo ndipo chini kabisa pa aibu. Kumbe kulikuwa na ile picha ya ubao. Kuna mahali kamera inaisogelea boti mpaka unaona ubao umening'inia, una maneno ya Kiingereza, herufi kubwakubwa. Miaka minne nilikuwa nausoma "Karibuni wote", kwa sauti tamu kabisa, na siku ile niliusoma hivyohivyo. Sikutazama chini ya picha, ambako wale Wafaransa, watu wasio na huruma, walikuwa wameandika maana yake, na watu wote waliokwenda shule wakaisoma kwa pamoja, kwa Kifaransa, kwa sauti, kama darasa la kwanza.

Mzee Ndagano alishtuka. "Riziki, wanasema nini? Imeandikwa nini pale?"

Riziki aligeuka kwangu. Aliniangalia na mimi nikamwangalia, na ukweli ni kwamba nilimwomba kwa macho amdanganye baba yake kwa ajili yangu. Hilo pia liandikeni.

"Imeandikwa boti haiuzwi, papa," akasema polepole.

"Na mukwe alisema nini?"

"Alisema karibuni wote."

Mzee akautazama ubao, akanitazama, akautazama tena. Mkulima hana haraka ya kufikiri, lakini akifika amefika. Akasimama na kofia yake mkononi, kivuli chake kikaingia kwenye shuka katikati ya boti.

"Mukwe."

"Papa."

"Ile karatasi ya pompe yangu, weye ulinisomeaka nini?"

Katibu akasimamisha filamu (mama mwenye bidii, nilishasema). Nilikuwa na mikro, na maneno hayajawahi kunipungukia, ningeweza kusema kwamba Wachina nao walikosea. Naapa lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini mzee hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonishinda. Alikuwa ananitazama vilevile kama siku ile alipofuta machozi, bado anatumaini kwamba nina jibu zuri.

"Papa," nikasema, "Kiingereza minye sijue."

Ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza ya kweli katika miaka minne, na kwa msaada wa mikro ilisikika mpaka barabarani.

Mzee Ndagano akakaa. Hakunitukana. Aliongea na kofia yake, si na mimi. "Na minye nilimunyima Bisimwa salamu miezi mitano," akasema.

Kuchekwa na salle nzima naweza kuwasimulia mpaka kesho na tutacheka pamoja. Lakini sentensi ile ya mzee ilinichoma, na hadi leo ikinijia nikiwa peke yangu nainamisha kichwa.

Padri alikuja akaichukua mikro mkononi mwangu, kwa upole ulioniumiza kuliko kofi, akasema basi tuitazame hivyohivyo kwa Kifaransa, waliosoma wawanong'oneze wazazi wao. Nikatoka nje, nikakaa juu ya tofali chini ya dirisha, na nikawasikia. Walicheka, wakapiga mabenchi, Mama Esperansi alicheka mpaka akaomba maji, Padri naye alicheka. Filamu ilikuwa inachekesha sana, kumbe. Miaka minne nilikuwa nawaliza watu kwa filamu ya kuchekesha kuliko zote zilizowahi kufika Kalundu.

Riziki alinifuata nje.

"Minye nilijua haujue Kiingereza," akasema. "Toka siku ya kwanza. Sisi kule masomoni tunasomaka kidogo. Nilikuwa nakuja kwa sinema yako juu ya kucheka."

"Na haukusema kitu?"

"Niseme nini? Ilikuwa mambo ya sinema, ilikuwa inaumiza nani?" Akakunja kitenge chake vizuri. "Lakini juu ya pompe haukuniambia. Pompe haiko sinema, Kashindi."

Kisha akarudi ndani kutazama mwisho wa filamu. Simlaumu, mwisho wenyewe ni mzuri.

Wiki iliyofuata nikaenda Lubarika na wajomba wawili na dumu la pombe ya ndizi, kuomba msamaha kama inavyotakiwa. Wajomba waliongea vizuri, walizunguka, wakaleta methali, wakalaumu ujana. Mzee Ndagano akawasikiliza mpaka dumu likafika nusu, halafu akaleta kile kitabu, bado ndani ya plastiki yake, akakiweka juu ya magoti yangu.

"Harusi haijakufa," akasema. "Tutaifunga siku pompe itasema. Weye njo muntu wa luga, uifundishe kusema."

Nikauliza, kwa unyenyekevu mkubwa, mpaka hapo nyanya zitapata wapi maji. Akanionyesha ndoo mbili.

Lakini kwanza alinipeleka kwa Mzee Bisimwa, tukatembea kando ya mfereji, na mbele ya mlango akanisukuma kidogo mgongoni ili niongee mimi. Nikaongea, bila mikro, nikasema yote, mkono unaosalimia, wivu wa watu, yote. Mzee Bisimwa alinisikiliza huku anachambua maharagwe yake.

"Minye nilisema pompe nzuri," akasema, "sababu ilikuwa nzuri."

Basi. Akasogea kwenye benchi, Mzee Ndagano akakaa, na mimi nikatumwa maji.

Nilibeba maji msimu mzima. Nyie mnaonikuta bandarini mnashangaa mabega haya, ni ya Lubarika. Jioni nikawa nasoma kitabu cha pompe na kamusi ya Kiingereza na Kifaransa niliyoazimwa na Mama Esperansi, kwa sharti kwamba nikikwama nisimsingizie Mfaransa. Nilianza na ule mstari mwekundu. Ulinichukua jioni nzima, neno kwa neno, na nilipomaliza nilirudia mara tatu nikitumaini nimekosea. Ulisema: "Usiwashe kamwe kabla ya kutia mafuta ya injini." Ule mkono haukuwa unasalimia mtu. Ulikuwa unasema simama.

Niliibeba pompe mpaka Kalundu kwa fundi wa injini za boti. Akaifungua, akaniuliza ni mpumbavu gani aliyeiwasha bila mafuta, nikamjibu kwamba ninamfahamu vizuri. Ilikaa kwake muda mrefu akitafuta vipuri, na iliporudi Lubarika mzee akaniambia nisome kwanza, kwa sauti, ukurasa wote, kabla mtu hajagusa kitu. Nilisoma. Penye neno nisilolijua nikasema hili silijui, nikafungua kamusi, nao wakasubiri, Mzee Ndagano na Mzee Bisimwa, wamekaa ukingoni mwa mfereji, hawana haraka. Tukatia mafuta. Tukaiwasha. Ikasema, ikaendelea kusema, maji yakapanda mpaka kwenye nyanya, na mimi nikazitazama zile ndoo mbili nikalia, na hilo halikuhitaji tafsiri.

Tukafunga ndoa. Filamu sitafsiri tena, na yule mama wa mihogo mpaka leo hajanisamehe, anasema ile yangu ilikuwa nzuri kuliko ya Wafaransa. Nimejiapia kwamba neno "sijui" nitalitumia kwa kazi yake tu, kwa hiyo kuanzia leo mgeni akiniuliza pale bandarini wanamwambia nani, nitamjibu wananiambia mimi.

Siku ya harusi, baba mkwe alipoombwa anitambulishe kwa ukoo, alisimama na koti lake la siku kubwa, akaipokea mikro, akaigeuzageuza, akasema:

"Huyu njo mukwe wangu Kashindi. Kiingereza hajue, hata kidogo." Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mzee akangoja wanyamaze. "Lakini akikusomea karatasi, washa."

Nilipogeuka, Mzee Bisimwa alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, amenishikia kitabu cha mashine yake mpya ya kukoboa mpunga, ndani ya plastiki. Nikakipokea kwa mikono miwili.

"Papa," nikamwambia, "unipe wiki tatu na kamusi."